Kitufe Nyuma ya Lori la Baba

Juzi nilikuwa napiga pasi gauni ambalo tayari nilikuwa nimelipiga pasi, kwa sababu nilipolitazama likiwa limetundikwa mlangoni niliona kama ukosi umekaa upande. Pasi ni ya mwenye nyumba na waya wake umezeeka. Mara nikasikia harufu. Haikuwa ya kitambaa kinachoungua, hiyo naijua. Ilikuwa harufu ya ngozi ya waya inayoyeyuka polepole, tamu kidogo, chungu kidogo, ile inayokaa nyuma ya koo kabla pua haijajua la kufanya. Nilichomoa pasi ukutani nikafungua dirisha. Kisha, badala ya kwenda kumwambia mwenye nyumba, niliketi kitandani na gauni mapajani, na nikawa mtoto tena, nimesimama nyuma ya lori, kidole gumba kikiniuma.

Wenzangu mliokuwa wadogo miaka ile ya Uhuru mnaikumbuka kwa bendera, kwa nyimbo tulizofundishwa shuleni haraka haraka, kwa jinsi watu wazima walivyocheka bila sababu barabarani. Mimi naikumbuka kwa nyaya. Naikumbuka kwa rangi zake, nyekundu, nyeusi na kijani, zikining'inia chini ya dashibodi kama matumbo ya kuku, na baba amelala chali kwenye nyasi huku miguu yake tu ikionekana.

Lori lilikuwa la mzungu mmoja wa Lugari ambaye baba alimwendeshea mashine na magari tangu kabla sijazaliwa. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia baba lile lori kuwa asante ya miaka yote hiyo. Lilikuwa zee kupita ndoa ya wazazi wangu. Lilikuwa na pua ndefu, taa mbili zilizokodoa kama macho ya chura, na nyaya zilizovikwa kitambaa badala ya mpira. Indiketa halikuwa nazo. Ukitaka kukata kona ulivuta kishikio, na mkono wa bati ukachomoza ubavuni, siku ukipenda kuchomoza. Watu wa kwetu, njia ya Malava, waliliita Ingokho, yaani kuku, kwa sababu likipanda mlima lilitoa sauti ya kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Tulilipenda, na tulikula kwa jasho lake. Baba alibeba mahindi kutoka Lugari mpaka Kakamega, na kwenye kurudi alibeba chochote kilichotaka kubebwa. Shamba letu wenyewe lilikuwa kipande ambacho mama angeweza kukilima kabla chai haijapoa. Kwa hiyo tangazo lilipokuja kwamba magari yote ya mizigo yakaguliwe Kakamega, na kwamba gari lisilo na taa za breki na indiketa za kuwaka na kuzimika litaondolewa barabarani, nyumba yetu iliacha kucheka. Mama alikaa akichagua maharagwe yaliyokwisha kuchaguliwa.

"Hiyo rori ni ya zamani," alimwambia baba, akimtazama usoni. "Utaiwekea hayo mataa ya sasa wapi?"

"Pale pale penye ya zamani," baba alisema. "Wamesema wanataka taa. Watapata taa mpaka wafumbe macho."

Alienda Shinyalu, ambako gari dogo jipya lilikuwa limepinduka mtaroni na mwenyewe hakulitaka tena, akarudi na gunia. Ndani mlikuwa na dinamo, indiketa, swichi, na vitu vya plastiki ambavyo sikuwahi kuviona. Shida ilikuwa kwamba vitu hivyo vilitaka umeme wa volti kumi na mbili, na Ingokho maisha yake yote alikuwa ameishi kwa sita. Baba aliunganisha betri mbili za zamani, mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine, na siku ya kwanza aliyojaribu, nyaya zile za kitambaa zilianza kufuka moshi. Harufu ilijaa uani. Baba ndiye aliyeisikia kabla ya sisi wote, akiwa hata hajaona moshi, akaruka na kuchomoa waya kwa mkono mtupu. Halafu akaketi chini akapuliza vidole vyake na kusema, "Vizuri. Sasa tunajua kila waya lazima utoke." Akaanza kuzing'oa zote, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu anayechambua mboga.

Hayo yote yalitokea wakati wa likizo ya shule, na likizo hiyo ndiyo niliyoamini kwamba baba ameacha kunipenda.

Nilikuwa na jina la mama yake mzazi, kwa hiyo nyumbani wote waliniita Kukhu, nyanya. Baba peke yake aliniita Mayi, mama, kama ilivyo desturi kwa mtu aliyemzaa tena mama yake. Nilikuwa nimezoea kwamba nikisema "Baba," yeye hujibu "Mayi," hata kama hana la kuongeza. Lakini likizo ile nilimwita akiwa ameinamia injini, asijibu. Nilimwita kutoka mlangoni, asigeuke. Nikimpelekea chai na kusimama mbele yake alinijibu vizuri, hata akanitania. Nikienda nyuma yake nikamwita tena, kimya. Mtoto mwingine angemvuta shati. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya ghala nikaanza kukumbuka makosa yangu.

Niliyapanga. Lile la maziwa yaliyomwagika nikasema ni paka. Lile la sketi ya shule iliyochanika kwenye mti wa mapera. Siku niliyocheka kanisani. Nilidhani baba anajua moja kati ya hayo na ananingoja niliseme, na kwamba kila anaponijibu ni kwa sababu siku hiyo nimefanya jema fulani bila kujua. Nikaanza kutafuta jema lenyewe. Nilifagia uani mara mbili. Nilikunja mashati yake. Alijibu, hakujibu, alijibu. Nilikuwa mgonjwa wa kuwaza nikiwa bado sijaota meno yangu ya mbele ya pili, na siamini kwamba nimepona.

Mama naye aliniongezea mzigo. Asubuhi moja baba alipokuwa anakwenda kuchukua shehena, alinivuta jikoni akaniambia, "Utapandanga na baba yako likizo hii yote. Ukae karibu naye. Macho yako yasimwache."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Nilielewa mara moja, yaani nilielewa vibaya. Nilikuwa nimesikia wanawake kisimani wakiongea juu ya madereva na safari zao. Kwa hiyo nilipanda Ingokho nikiwa mpelelezi, nikimtazama kila mwanamke tuliyempita barabarani, na mmoja aliyempungia baba mkono nilimkazia macho mpaka akaingia ndani kwake.

Nyuma, juu ya magunia, alipanda Juma. Alikuwa taniboi wetu, msaidizi wa dereva, mtu mzima mwenye watoto wake Mumias, aliyesalimu kila mtu kwa "Salaam aleikum" hata wale wasiojua la kujibu, na ambaye mdomo wake haukupata likizo. Mnajua jinsi mataniboi walivyoongea na madereva siku hizo: kwa kiganja kwenye bodi. Kofi moja, simama. Makofi mawili, twende. Lori zima lilikuwa ngoma. Lakini baba, alipokuwa akitandika nyaya zake mpya, alitangaza kwamba mambo ya kupiga bodi yamekwisha.

"Tumepata Uhuru," alisema kwa sauti yake kubwa, "na sisi bado tunapigana makofi kama wakati wa mkoloni?"

Alikuwa na kitufe cha shaba kilichozungukwa na mbao, kilichotoka kwenye nyumba ya yule mzungu. Kilikuwa kengele ya mezani, ya kumwita mpishi. Baba alikifunga nyuma kwenye bodi, akavuta waya mrefu kupitia chini ya lori, na kwenye dashibodi akafunga taa ndogo nyekundu. Bonyeza mara moja, taa inawaka mara moja, asimame. Mara mbili, aende.

Juma alikizunguka kile kitufe kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. "Kwa hiyo mimi ndiye mzungu sasa? Nikibonyeza, mzee wangu, unaniletea chai?"

Baba alikuwa amempa mgongo, hakujibu. Juma aliniangalia, akaacha kucheka ghafla, akaanza kukaza kamba ambazo hazikulegea.

Taa hazikuishia hapo. Aliweka taa ya kijani iliyowaka indiketa zinapowaka. Aliweka nyingine iliyowaka honi inapopigwa, jambo lililonishangaza, maana honi mtu si anaisikia? Na kabla ya kila safari aliweka kiganja juu ya honi Juma akiibonyeza, kisha kiganja juu ya kifuniko cha injini, amefumba macho, kama mchungaji anavyomwombea mgonjwa. Mimi nilifumba macho pia. Nilidhani tunaomba.

Kitu kimoja tu alikikataa. Kwenye gunia la Shinyalu mlikuwa na redio ya gari, nzima kabisa. Miaka ile, mtu mwenye redio alikuwa na serikali nzima nyumbani mwake. Nilimwomba aifunge. Juma akamwomba. Hata mama wa duka la Malava akamwomba. Baba aliifunga kwa gazeti akampa mwalimu wa kanisa. Nililia kwa siri. Katika hesabu yangu nyuma ya ghala, redio ikawa ushahidi mkubwa kupita wote.

Siku chache kabla ya ukaguzi tulisimama Malava kushusha magunia. Duka lilikuwa na baraza ndefu, na Ingokho ilibidi asogee kidogo kidogo kando yake. Juma akanikabidhi kitufe. "Kukhu, leo wewe ndiye bosi. Nikisema, unabonyeza."

Nilibonyeza mara mbili, lori likasogea. Juma alikuwa na gunia mgongoni, mguu mmoja kwenye lori na mwingine kwenye baraza. "Simama!" akasema. Nikabonyeza mara moja.

Lori liliendelea.

"Simamisha!" Nikabonyeza tena. Lori likaongeza mwendo. Miguu ya Juma iliachana kama mkasi, akatoa mlio ambao sijausikia tena kwa binadamu, akaangukia gunia lake, gunia likapasuka, na kuku wote wa Malava wakaitwa karamuni. "Mzee! Unaniua, mzee!" Ingokho alikuwa anateremka kuelekea akina mama waliotandika viazi vitamu kando ya barabara. Watu walipiga kelele. Niliacha kitufe nikakimbia mbele juu ya magunia nikaanza kupiga paa la dereva kwa ngumi zote mbili. "Baba! Baba! Baba!"

Nyuma ya dereva palikuwa na kidirisha. Niliinama nikachungulia, na nikaiona shingo ya baba. Ilikuwa imetulia. Alikuwa ameegemeza kiwiko mlangoni, kichwa kikitikisika kidogo na mashimo ya barabara, kama mtu anayesafiri peke yake nchi isiyo na watu. Ngumi zangu zilikuwa nusu hatua kutoka kisogoni kwake. Hakuna mtu anayeweza kukasirika hivyo. Niliacha kupiga. Nikajua. Baba hajanikasirikia. Baba hasikii.

Aliwaona akina mama wakipunga mikono, akakanyaga breki. Rundo moja la viazi likawa limepondwa, na hakuna aliyegongwa. Baba aliomba radhi, akalipa kwa mahindi, kisha akaketi kwenye kikanyagio cha lori akaniita nisimame mbele yake.

"Mayi. Ulibonyeza mara ngapi?"

"Mara moja. Halafu mara moja tena."

"Mimi niliona taa ikipepesa kila mara. Mbili, mbili." Aligeuka akavuta waya chini ya bodi. Mahali fulani ulikuwa umelegea, ukigusa na kuachia. "Nikajua mnasema twende."

"Nilikuita," nikasema. Niliona anaitazama midomo yangu. "Nilikuita sana."

"Sikusikia."

"Tangu lini husikii?"

Alifikiri. "Mashine ya kupukuchua mahindi kule Lugari ilikuwa inayala haya masikio kidogo kidogo. Nilifikiri yatarudi. Mama yako anajua. Juma alijua mwenyewe."

"Kwa hiyo hukukasirika?"

"Nikasirike na nini?"

Hapo yote yalinitoka, maziwa, paka, sketi, mti wa mapera, kucheka kanisani, kufagia uani, redio. Nilisema haraka sana, nikilia, na sijui alielewa kiasi gani. Lakini alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Juma, aliyekuja akichechemea na unga wa mahindi nyusini, alituangalia akasema, "Mimi nimepasuliwa kati kama kuni, na hapa kuna harusi?"

Tulirudi nyumbani polepole. Baba hakusema neno njiani, na kwa mara ya kwanza likizo ile kimya chake hakikunitisha.

Asubuhi yake mama alikuwa na shauri lake. "Kakamega usiseme chochote. Wakikuuliza, tingisha tu kichwa."

"Na nikitingisha mahali pa kukataa?" baba akauliza. "Hapana. Nitafunga waya upya, na nitamwambia mkaguzi ukweli kabla hajauona mwenyewe."

"Atakunyima."

"Basi aninyime akiwa ameona kazi yangu."

Alileta waya mpya wenye ngozi ya mpira, akaupitisha ndani ya bomba kuukuu la maji ili mawe yasiukate, akawasha jiko la mkaa na kutia chuma cha kulehemu ndani mpaka kikawa chekundu. Mimi nilishika waya. Risasi iliyeyuka ikang'aa kama tone la maji, moshi wake ukanipanda puani. Na kwa kuwa sasa nilijua ni wapi pa kusimama ili anisikie, sikunyamaza. Nilimuuliza kila kitu kilichokuwa kinanikosesha usingizi.

"Na ukilegea tena?"

"Nimeulehemu."

"Na ukikatika kabisa?"

"Basi taa haitawaka."

"Na nikitaka usimame, na taa haiwaki?"

Aliinua chuma kutoka kwenye waya.

"Na Juma akisinzia? Na kitufe kikiingia maji? Na mimi nikianguka nyuma, nani atabonyeza?"

Mtu mzima yeyote mwingine angeniambia ninyamaze. Nimeambiwa hivyo mara nyingi baadaye. Baba aliweka chini chuma chake akaitazama ile taa nyekundu kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Sema tena ile ya kuanguka."

Nilisema tena. Akaanza kuitikia kwa kichwa taratibu. Hakubadilisha waya hata mmoja. Alibadilisha maana. Tangu siku hiyo taa ikiwaka ilisema twende, na ili iwake ilibidi mtu wa nyuma ashikilie kitufe, asiachie. Akiachia, baba anasimama. Akisinzia, akianguka, waya ukikatika, fyuzi ikiungua, lolote lile baya likitokea, taa inazimika, na taa ikizimika baba anasimama.

"Maswali yako hayo," aliniambia, "hapa ndipo kazi yake."

Juma hakufurahi. "Yaani nishikilie kidole mpaka Kakamega, mzee wangu? Na nikitaka kujikuna?"

"Una mikono mingapi?"

"Na usingizi ukinichukua?"

"Ndiyo maana yake."

Ukaguzi ulikuwa kwenye uwanja wazi Kakamega, malori yamejipanga, madereva wakifuta taa kwa mikono ya mashati. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alipofika kwa Ingokho, madereva wengine walisogea kuangalia. Mmoja akauliza kama na mayai yatakaguliwa.

Taa za mbele ziliwaka. Taa za breki ziliwaka. Indiketa ya kulia ikakonyeza, ya kushoto ikakonyeza. Mkaguzi aliinama chini akazitazama nyaya mpya zilizofungwa safu moja moja, akainuka, akaandika kitu kwenye jalada lake, na hiyo kwangu ilikuwa mbaya kuliko kutukana. Akashika mlango ili apande kwa safari ya majaribio. Baba alimzuia kwa mkono.

"Bwana, kabla hujapanda. Mimi sisikii."

Mkaguzi aliuachia mlango.

"Unasema nini, mzee?"

"Masikio yamekwisha. Ukitaka kuniambia kitu, sema polepole ukinitazama. Masharubu yako hayajafunika midomo, nitakuelewa."

Juma alicheka, akajifanya anakohoa. Mkaguzi hakucheka. "Unataka nimruhusu kiziwi aendeshe lori barabarani? Mizigo itaanguka, watu watapiga kelele nyuma, na wewe unaendelea tu?"

Ni yale yale ya Malava. Niliona anafunga jalada lake. Nilikuwa mtoto ambaye hata kumsalimu mgeni nilihitaji siku nzima ya kujiandaa, lakini nilijikuta mbele ya ile kaptula.

"Bwana, panda nyuma na mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa kitufe."

Sijui kwa nini alipanda. Labda alitaka kutuaibisha vizuri. Nilimwonyesha, nikakishikilia kitufe, taa ikawaka mbele, na baba akaondoka. Tulizunguka uwanja. Mkaguzi alisimama bila kushika chochote, mikono nyuma, kama bwana mkubwa.

"Na wewe ukianguka?" akauliza.

Nilimtazama. Nilitaka kumkumbatia. "Hilo nimeshalifikiria," nikasema, na nikaachia.

Ingokho alisimama pale pale. Mkaguzi hakusimama. Alikwenda mbele mpaka akakumbatia ukuta wa bodi, na kofia yake ikaruka ikatua mbele ya lori. Madereva walipiga kelele za furaha. Alijikung'uta makapi ya mahindi magotini, akavaa uso wake wa kazi, akaniambia nishikilie tena. Safari hii hakuniuliza kitu. Katikati ya uwanja aliinama akaung'oa waya kwenye kitufe kwa mkono wake. Taa ilizimika. Lori likasimama, na sasa alikuwa ameshika kamba.

Aliteremka akaenda akasimama mbele ya baba, mahali pa kuonekana. "Mizigo tu," alisema polepole, akitumia midomo yake yote. "Abiria hapana. Vioo vikubwa pande zote mbili. Na siku nitakayokukuta hakuna mtu kwenye kitufe, nitakutoa barabarani mimi mwenyewe."

Baba alikuwa amemwelewa, nilimwona. Lakini aligeuka akanitazama mimi, kule juu nyuma, akauliza kwa ile sauti yake kubwa iliyosikika uwanja mzima, "Mayi, amesema nini?"

"Amesema twende!"

"Mayi," akajibu.

Juma alitaka kunipokea kitufe nikamkatalia. Nilikishikilia kutoka Kakamega mpaka nyumbani, milima na miteremko, kidole gumba kikifa ganzi na kufufuka, nikijua kwamba mbele yangu, ndani ya kelele ile yote, kuna taa ndogo nyekundu inayowaka kwa sababu yangu, na mtu anayeiamini.

Ingokho alikwishauzwa kwa wanunua vyuma. Baba hulima, na ukitaka kuongea naye unapita kwanza mbele yake. Mimi nimesoma nikamaliza, na tangu nilipohojiwa kwa ile kazi ya pale makao ya mkoa sijasikia neno. Walisema wataniita. Hawajaniita. Nimeketi kwenye chumba hiki nikipanga makosa yangu kama zamani nyuma ya ghala: jibu nililolirefusha, mkono niliousalimu vibaya, ukosi wa gauni. Juzi, harufu ile ikiwa bado chumbani, niliona nimefanya hesabu ile ile kwa kimya cha aina ile ile. Taa ikizimika, baba hakuwa akikaa kwenye usukani akijiuliza ni nani amemchukia. Alisimama, akashuka, akazunguka nyuma kuangalia.

Gauni nimelivaa. Ukosi bado umekaa upande kidogo. Naenda pale ofisini sasa hivi, nisimame mbele yao, mahali wanapoweza kuiona midomo yangu.